Beki Aliyeinuka Mwenyewe

Kabla ya kurudi Arusha nilikuwa nimezunguka sana. Tabora, Songea, Tanga. Kila nilikofika nilitafuta timu, hata kama kazi ilikuwa kubeba jezi tu. Huko mbali nilikuwa nikiikumbuka Meru ya asubuhi, kabla wingu halijakaa juu yake. Sasa nimevuka arobaini, nimepanga chumba kwa mama mmoja Tengeru. Mwanawe alikuwa beki wa kati wa timu iliyoniajiri kutunza vifaa na sanduku la huduma ya kwanza. Sanduku nilipewa kwa sababu niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili.

Timu zote nilizopita zilikuwa na desturi moja: mchezaji akiinuka mwenyewe, hatolewi. Majeruhi ni yule anayebebwa.

Siku ile tulicheza karibu na Kikatiti, uwanja mkavu, vumbi tupu. Muda mfupi kabla ya mapumziko ikapigwa kona. Beki wetu akaruka, mshambuliaji wao naye akaruka, vichwa vikagongana. Mlio wake niliusikia kutoka kwenye benchi. Mshambuliaji aliinuka akijishika paji la uso. Wetu alilala chali, mikono imekakamaa hewani kama ameshika kitu tusichokiona.

Nilikimbia. Nilipofika mikono ilikuwa imeshuka. Nikammwagia maji kichwani, nikamwonyesha vidole.

"Vingapi?"

"Vitatu, broo. Niache."

Vilikuwa vitatu kweli. Akainuka mwenyewe, mashabiki wakapiga makofi.

"Kichwa hicho tunapasulia kuni!" nahodha akasema, akimpiga mgongoni.

Kocha alipaza sauti kutoka pembeni, "Vipi huyo?"

Nami nikanyoosha dole gumba. "Yuko sawa, mwalimu."

Wakati wa mapumziko alikaa peke yake, hakunywa maji. Nilimwona, nikajiambia amechoka.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Yeye akaenda moja kwa moja kusimama mbele ya goli la wapinzani, akaanza kuwapanga mabeki wao. Uwanja mzima ukacheka.

"Beki, umesajiliwa huko lini?"

Nahodha alimvuta mkono, akamrudisha. Mimi sikucheka. Nikamfuata kocha.

"Mwalimu, mtoe."

"Si wewe umesema yuko sawa?"

"Nilikosea. Mtoe."

"Subiri kidogo. Tukipata bao tu."

Nikasubiri. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo: nilisubiri. Mpira wa juu ulikuja, nikamwona anajiandaa kuruka, na miguu yangu ikaingia uwanjani bila ruhusa. Refa akapuliza filimbi, akanionyesha kadi nyekundu. Nilikuwa nimeshamkumbatia beki.

"Broo," akaniuliza taratibu, "mechi inaanza saa ngapi?"

Kisha akatapika kwenye jezi yake.

Shabiki mmoja alitupakia kwenye gari lake. Njia nzima nilimshika kichwa, nikimwongelesha, nikiogopa kila anapofumba macho. Mama yake tulimkuta mlangoni mwa hospitali, kitenge kimefungwa vibaya. Sikupata hata kumwamkia.

"Aliumia saa ngapi?" daktari akauliza.

"Kama saa kumi na nusu."

"Mkamleta moja kwa moja?"

"Hapana. Alirudi kucheza."

Daktari akaacha kuandika. "Nani alisema arudi?"

Ningeweza kumtaja kocha. Mama alikuwa ananitazama.

"Mimi."

"Wewe?" mama akasema. "Wewe unayekula kwangu?"

Picha ya kichwa haikuonyesha damu. Daktari alisema tushukuru, lakini asiguse mpira mpaka atakapomwona tena, na akigongwa mara ya pili kabla hajapona, yeye daktari hawezi kutuahidi kitu. Wiki kadhaa zimepita. Jua linamuumiza macho, kwa hiyo anashinda ndani. Kocha ametuma salamu mara mbili, anauliza anarudi lini. Nilimjibu kwamba sanduku la huduma ya kwanza nimeliacha kwa katibu wa timu.

Mama hajanifukuza. Ananipakulia chakula, anarudi jikoni.

Jana mchana beki alinisimulia kwamba ng'ombe wao amezaa, ndama ana doa jeupe usoni, na anasumbua kunyonya. Alimaliza, akavuta pazia kuzuia jua. Kisha akanigeukia na uso wa furaha.

"Broo, umesikia ng'ombe amezaa?"

"Sijasikia," nikamwambia. "Nisimulie."

Mama alikuwa kizingitini anamenya ndizi. Kisu chake kikasimama.