Shanga Zilikatwa Mume Wangu Akiwa Hai

Ejok, mama zangu. Ejok, dada zangu wa Sudan Kusini mlioacha biashara zenu hapa Kakuma mkaja kunisikiliza. Mimi ni Akiru, nauza samaki wakavu sokoni Lodwar. Ni mnene, mnaona, na ni mweusi, mnaona pia. Zamani hayo mawili hayakuninyima usingizi.

Kisha wanawake wa mjini tukaunda kikundi, Mwili Wangu Fahari Yangu. Tulicheza, tukapigana picha, tukakubaliana hakuna kuonea haya nyonga wala kitambi. Jamani, nililia kwa furaha! Siku ya picha ya bango, mwenyekiti wetu, Mama Joy, akanivuta kando.

"Akiru, mwili wako uko sawa kabisa. Na hizo shanga, wee! Lakini kaa nyuma kidogo. Kamera haipendi weusi. Ungeng'aa tu kidogo."

Mbele walikaa wanene wenzangu, ila weupe, pua nyembamba, nywele za kununua zimelala mgongoni. Unene ulikuwa umesamehewa. Weusi bado.

Nikaja huku Kakuma nikanunua mkorogo wa kuchubua ngozi, kikopo hakina hata jina. Nikapaka uso, mikono na kifua. Shingoni sikupaka, maana shanga zangu za ndoa zimepandana hadi kidevuni, na sizivui hata kulala. Uso ulipoanza kuwa mwekundu, Mama Joy alipiga vigelegele: "Sasa umeng'aa!" Akaniweka mbele. Nikacheka, huku jua likiniunguza kama mafuta ya kukaangia.

Ngozi ikaanza kubambuka. Malengelenge yakapasuka, yakatoa maji, kisha usaha wenye harufu iliyonishinda hata mimi muuza samaki. Homa ikapanda. Asubuhi moja niliamka macho yamefunga kwa uvimbe, na uvimbe umeshuka hadi chini ya shanga. Kupumua kwangu kukawa kelele tupu. Mume wangu, Ekai, akanipakia kwenye bodaboda, akanishikilia kwa nyuma hadi hospitali. Mama yangu akatufuata.

Daktari akauliza, "Umepaka nini?" Sauti haikutoka. Akaigusa shingo. "Hizi shanga zinamkaba. Leteni makasi."

Mama akaruka. Kwetu Waturkana, mwanamke huvuliwa shanga akifiwa na mume.

"Mume wake huyu hapa, mzima! Mnamwitia kifo?" Akaikumbatia shingo yangu kwa mikono yote miwili. Nesi kasimama na makasi, mimi nakoroma, giza linaingia. Nilijua nakufa. Na nilikuwa na hasira, hasira kweli, kwamba nakufa kwa sababu ya bango.

Ekai, ambaye kwa heshima hakuwahi kumgusa mama mkwe wake tangu anioe, alimshika mikono akaiondoa. "Kateni! Au mnataka nifiwe mimi?"

Shanga zikamwagika sakafuni. Hewa ikaingia.

Nesi alipoipangusa shingo, akamwita daktari. "Ona hapa. Hapa hakupaka." Ilikuwa imevimba, lakini ngozi yenyewe ilikuwa nyeusi tii, haina kidonda hata kimoja. Daktari alinieleza kwamba mkorogo ulikuwa na dawa kali iliyomaliza nguvu za ngozi, vijidudu vikapata njia.

Nilitundikiwa dawa za mshipani. Ngozi mpya iliwasha mno ilipoota, wakanifunga vitambaa vidoleni nisijikune. Mama Joy alikuja na simu yake. "Usijali, kwenye picha nimekung'arisha, madoa hayaonekani." Nikamwonyesha mlango. Hilo niliweza bila sauti.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Ekai, ingawa mama hadi leo anamnunia.

Sasa sikieni. Mwenye kikopo asikifiche kwa aibu. Akipeleke hospitali, aseme amepaka nini, kabla sauti haijakatika. Na mkiitwa kwenye kikundi cha kupenda mwili, ulizeni kwanza: mwili upi? Wakiwaambia mng'ae kidogo ndipo mpendwe, inukeni mwende zenu. Mtaondoka na ngozi yenu yote.