Balozi wa Chupa Tupu

Saa moja asubuhi, Balozi yuko juu ya marobota ya chupa za plastiki, anakaza kamba kwa meno na kuongea na mwandishi wa habari hapo hapo.

"Kwenye ule mkutano wa dunia nilitulia tuli," anasema. "Sikutetemeka, na taka zao sikuzigusa. Nilikaa kama mkwe ukweni."

Chini yake, wifi yake anayetenganisha vizibo anakohoa. Si vumbi hilo.

Balozi hana serikali inayomtuma. Ni mwokota taka, mama wa watoto watatu, na jina hilo amebandikwa na wenzake wa dampo tangu chama chao kilipompeleka, yeye na wifi yake, kwenye mkutano wa kimataifa wa tabianchi. Huko, vyama kama chao huingia kama waangalizi: hawapigi kura, na husubiri wakubwa wamalize ndipo wapewe dakika mbili za kusema.

Dakika hizo ndizo zilizobeba riziki yao. Miji ilikuwa inaandaa tamko la kufunga madampo na kukomesha uchomaji taka.

"Jambo jema, moshi wenyewe tunaumeza sisi," anasema Balozi. "Lakini ukifunga dampo bila kututaja, umetufunga na sisi." Familia zaidi ya mia mbili zinakula hapo. Yeye, siku ikiwa nzuri, anauza kilo thelathini.

"Mwambie mwandishi ulikuwa wapi ulipoitwa," wifi anachokoza.

"Ukumbini."

"Ukumbini wapi wewe? Chama kinaitwa, kimya. Natoka mbio, namkuta kwenye korido, kichwa ndani ya pipa, anaokoa chupa. Mlinzi kamshika beji."

Balozi anaangua kicheko. "Walizimwagia supu, wifi. Chupa safi vile. Na mikono yangu ikiogopa, inatafuta kazi."

Alifika kwenye kipaza sauti akihema, chupa mkononi, hotuba kaiacha pipani. Akainua chupa. "Hii nimeitoa kwenye pipa lenu sasa hivi. Mkishatufukuza, ya kesho ataitoa nani?"

Ukumbi ukacheka, kisha ukasimama kupiga makofi. Jioni tamko likaongezwa sentensi: dampo lisifungwe kabla waokota taka hawajashirikishwa.

Sasa chama kinaibeba sentensi hiyo hadi ofisi ya jiji, kudai banda la kuchambulia lenye paa. Na mwakani Balozi anarudi mkutanoni.

"Safari hii mikono mfukoni," anaapa. "Hata ile ya juzi, ilikuwa chupa moja tu."

Wifi anavuta gunia la pembeni na kulimwaga. Chupa zinabiringika hadi miguuni kwa Balozi, zote zina nembo ya mkutano.

"Na hizi, wifi, zilipanda ndege zenyewe?"