Mabawa Yaliyoshonwa Kiwalani

Harufu ya petroli, gundi ya mbao na vanishi ilivuka ukuta wa Mzee Seif, ikaingia jikoni kwetu bila hodi. Mama alilalamika kwamba hata maandazi yake yalinukia karakana. Mimi niliipenda. Nilikuwa darasa la nne, tukiishi Kiwalani, ambako ndege za uwanjani hupita chini mno hivi kwamba watu wamezoea kukatiza mazungumzo, wakasubiri mngurumo upite, kisha wakaendelea pale pale walipoachia.

Mzee Seif alizaliwa katika ukoo wa Waarabu wenye maduka, lakini duka halikumweza. Ujana wake aliumalizia katika mbio za magari, kwenye barabara za vumbi na matope za bara, mkewe Bi Rukia akiwa kiti cha pembeni na ramani mapajani, akimtajia kila kona kabla hawajaifikia. Siku moja gari likapinduka, goti la Mzee likaharibika, na mbio zikaishia hapo. Watu walidhani sasa atatulia barazani acheze bao. Yeye akatangaza kwamba atatengeneza ndege. Kuvunjika kwa koleo, alisema, si mwisho wa uhunzi.

Mtaa ulicheka sana. Lakini mbao nyembamba zilipoanza kuungana uani kama mbavu za samaki mkubwa, kicheko kilipungua, na majirani wakaanza kupita pale kwa visingizio: huyu anaazima nyundo, yule anamtafuta kuku wake. Ndipo Jumamosi moja Mzee Seif akaja kwetu na jora la kitambaa cheupe begani. Mama alikuwa fundi cherehani, mtu wa Songea, na nusu ya wanafunzi wa mtaani walivaa sare alizoshona.

"Mama Tumaini, nataka unishonee mabawa."

"Mabawa ya nani tena, Mzee wangu?"

"Ya ndege. Kitambaa ndicho kitakachoshika upepo."

Mama akatikisa kichwa. "Mie nashonaga sare. Sare ikifumuka, mtoto anachekwa tu. Hiyo ikifumuka je?"

Mzee akaondoka na jora lake. Jioni akaja Bi Rukia, na wala hakubembeleza. Alikunywa chai, akasifu maandazi, kisha akasema taratibu, "Usipotaka si neno, mdogo wangu. Ila na mie nitakuwemo humo ndani. Ningependa ashone mtu ninayemjua." Mama akammiminia chai nyingine. Halafu akanituma kwa Mzee nikalete jora.

Msimu ule wa kipupwe kibaraza chetu kizima kiligeuka cheupe. Mama, ambaye kwa kawaida alishona huku akipiga soga, sasa alishona kimya, mshono juu ya mshono. Kila alipomaliza kipande alinipa ncha moja, yeye akashika nyingine, tukavutana kama watu wa mchezo wa kamba. Uzi ukilegea hata kidogo, aliufumua wote na kuanza upya. Kitambaa kilipovishwa mbavu zile na kupakwa vanishi, kilivutika kikawa kama ngozi ya ngoma.

Siku injini ilipojaribiwa, ile ile ya gari lake la mwisho la mashindano, panga la mbele lilizunguka na kutoa upepo uliozing'oa kanga zote kwenye kamba za majirani. Tulizikimbilia huku tukipiga vigelegele, na Mzee Seif, akichechemea, alizirudisha nyumba hadi nyumba akiomba radhi. Nadhani siku hiyo ndiyo mtaa ulipoanza kumwamini.

Wakaguzi wa ndege walikuja, wakagonga, wakachungulia, wakaruhusu, kwa sharti kwamba irushwe mbali na jiji. Ilipakiwa kwenye lori, nasi tukaifuata hadi tambarare moja nje ya mji. Bi Rukia alikaza mtandio, akapanda. Ndege ilikimbia, ikaruka, ikagusa nyasi, ikaruka tena, na safari hii haikurudi chini. Mama alifumba macho. Mimi niliyafumbua kwa ajili yetu sote wawili, nikamwona Bi Rukia kule juu akinyoosha mkono, akimwonyesha mumewe pa kukata kona.

Walipotua, watu walimkimbilia rubani. Mama aliwapita wote, akaenda kwenye bawa na kuupapasa mshono toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaketi nyasini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mzee Seif alitengeneza nyingine baada ya hiyo, za wenye mashamba makubwa, na Mama akazishonea zote mabawa. Leo Mzee na Bi Rukia ni marehemu, na uani kwao kumejengwa vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango. Watoto wa pale wanajua ndege kuliko nilivyojua mimi. Wanazitaja kwa majina na kuziona kwenye simu zikiundwa katika nchi za mbali. Siwaonei wivu. Ya kwetu ilikuwa moja tu, na hatukuambiwa tuitazame. Tuliambiwa, "Njoo, shika hapa."