Komandoo wa Korongoni

Kwa miaka kumi na miwili, mume wa dada wa fundi mapazia mmoja alikuwa akishuka lile korongo la jangwani kila familia ilipokaa mezani. Alilishuka kabla ya chakula, akalishuka tena vyombo vikiondolewa, na kila aliposhuka, korongo liliongezeka kina. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, lakini nyumbani walimwita Komandoo, naye jina hakulikataa.

Fundi huyo alimsikiliza miaka yote hiyo akiendelea kula. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye duka dogo, cherehani mbili na ulimi wa pilipili. Mwaka ule, alipomaliza kushona mapazia ya hoteli nzima, vyumba arobaini, aliona amechoka kuyavisha madirisha ambayo wengine ndio huchungulia nje. Akapiga simu hifadhini, kule kwenye lile korongo, kuuliza habari za safari ya familia.

Mhifadhi aliyepokea alikuwa mpole. Alimwambia waje miezi ya baridi, kila mtu awe na lita nne za maji, na washuke mapema, maana ikifika saa nne jua la kule halina utani. Na ile njia ya kufika chini? Ni mpya, akajibiwa, imechongwa miaka mitatu iliyopita. Kabla ya hapo walioshuka ni mbuzi mwitu peke yao.

Fundi alishukuru, akakata simu, akacheka mpaka mkasi ukamponyoka.

Mwingine angekimbilia kwa dada yake kumwaga mtama. Yeye alisubiri. Jumapili, mezani, alitangaza safari, akasema hakuna haja ya kukodi mwongozaji wakati mzoefu yumo ndani. Komandoo alipaliwa na maji. Jumatatu goti likaanza kumuuma. Jumanne fundi akampelekea bandeji ya goti aliyoishona mwenyewe. Jumatano likizo ikawa haipatikani. Kumbe mkuu wake wa kazi ni mteja wa mapazia, na likizo ikatoka kabla hajaiomba. Alhamisi viatu vyake vikawa vimeliwa na panya. Mkewe akamnunulia vipya, vyekundu.

Ijumaa alikuja dukani peke yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia mapajani.

"Shemeji," alisema, "wewe unajua kitu."

"Mimi najua kushona tu, shemeji."

Ndipo akayatapika yote. Miaka kumi na miwili iliyopita alikwenda na basi la kazini, akafika ukingoni, akachungulia mara moja, akatambaa kinyumenyume. Akarudi kwenye basi, akashinda humo na dereva wakila biskuti. Jioni mkewe alipomuuliza ilikuwaje, aliona haya kutaja biskuti.

Fundi alikuwa amekiandaa kicheko siku nyingi, lakini alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mimi nikipanda ngazi kutundika mapazia, nafumba macho," alimwambia. "Tutashuka mpaka pale utakapoweza. Dada hatalisikia kwangu. Ila maji yote utabeba wewe."

Wakaenda. Asubuhi, kuta za korongo zikiwa bado na kivuli, Komandoo alipiga hatua tatu, akaketi chini, akaanza kushuka kwa makalio, lita kumi na mbili mgongoni, mikono ikipapasa mawe. Mkewe alisimama, akashika kiuno.

"Mbona anashuka kama mtoto kwenye ngazi?"

"Ndiyo mbinu ya wazoefu hiyo," fundi alijibu, uso mkavu. "Inaokoa magoti."

Dada mtu alifikiri kidogo, akakunja suruali, akaketi. Nyuma yao mke na mume wasiowafahamu, wenye fimbo za kutembelea, walinong'onezana, kisha nao wakaketi, na waliofika nyuma yao wakaiga. Walipofika kona ya tatu, ambako Komandoo alisema panatosha, msafara ulikuwa na watu tisa, wote wakiteleza kwa makalio, na juu ukingoni mhifadhi amevua kofia, anajikuna kichwa.