Lenzi ya Kupigia Waliotoka Angani

Nimefanya kazi chini ya watu wengi wasiojua kitu, lakini mkuu wa ofisi yetu ya picha pale Kisarawe aliwashinda wote. Wenzake walikuwa hawajui kimyakimya. Yeye alikuwa hajui kwa sauti kubwa. Tangu aletwe, sikuwahi kumwona akitia filamu kwenye kamera kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, hapakuwa na picha iliyotoka ofisini bila yeye kutueleza namna ambavyo ingepaswa kupigwa.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati sherehe haikuwa sherehe bila gwaride, ngoma na hotuba tatu. Siku moja tukaambiwa kwamba safari hii kutakuwa na jambo jipya: askari wa miavuli wataruka kutoka kwenye ndege na kutua kwenye uwanja nje ya Mlandizi, mbele ya wageni. Ofisi yetu ilitakiwa kuleta picha moja nzuri ya askari akitua, itundikwe katika ofisi zote za jirani.

Kabatini tulikuwa na lenzi tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi, ile iliyokuja na kamera. Ya pili ilikuwa ya kati, ya milimita mia moja thelathini na tano. Ya tatu ilikuwa ndefu kama mkono kuanzia kiwikoni, zawadi ya wageni fulani, imelazwa ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu. Mkuu aliitoa kila Ijumaa asubuhi na kuifuta, kama mtu anayefuta jambia la babu yake. Kupigia picha, hakuwahi.

Mimi nilijua kwamba mtu akishatua huwezi kumwomba arudi juu ili atue tena. Kwa hiyo, kwa wiki mbili, kila nilipopata nafasi nilikwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Ruvu kujizoeza kwa yangeyange, wale ndege weupe wa mashambani. Nao hushuka, hunyoosha miguu, hukanyaga. Kwa lenzi ndefu, niliyoiazima kabatini kwa siri, ndege aliingia kwenye kioo akatoka kabla sijamweka sawa. Kwa ile fupi, alikuwa punje ya mchele juu ya mkeka. Lakini kwa lenzi ya kati, nikisimama hatua arobaini, nilimpata mzima: mabawa, miguu na majani aliyokuwa akiyakanyaga. Nikaelewa kwamba picha ya kutua ni lazima iwe na ardhi. Bila ardhi, huyo bado yuko safarini.

Nikaenda kumweleza mkuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea habari za ndege tena?"

"Mzee, naomba tutumie lenzi ya kati. Ile ndefu itatupotezea mtu."

Akanitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, hawa wanatoka angani, hawatoki kwenye mpunga. Kitu cha mbali kinataka lenzi ya mbali."

"Lakini wakitua, mzee, watakuwa karibu."

Akacheka. Karani wake naye akacheka, maana kumchekea mkuu ilikuwa nusu ya kazi yake.

Siku yenyewe, mkuu alisimamisha lenzi yake ndefu juu ya stendi ya miguu mitatu, mbele kabisa, mahali ambapo wageni wangemwona. Mimi akanituma pembeni, karibu na mashamba ya mihogo, na lenzi yangu ya kati, nikapige picha za watazamaji. Sikubisha. Moshi wa majiko ya wapishi ulikuwa umelalia upande wa mihogo, na mwavuli nao huenda unakopelekwa na upepo.

Ndege ikazunguka, wakaruka wanne. Watatu walijitahidi wakaangukia ukingoni mwa uwanja. Wa nne akatupita juu kwa juu, na mimi nikatimua mbio nyuma yake. Alifika chini katikati ya shamba la bibi mmoja aliyekuwa akipalilia kana kwamba hakuna sherehe. Nilifyatua mara nne. Katika moja, buti zinagusa udongo, mwavuli bado umejaa upepo, na mbele yake bibi bado ameinama na jembe.

"Weye!" bibi akamwambia. "Mbingu yote ile, hukuona pa kukanyaga ila muhogo wangu?"

"Shikamoo, bibi," askari akajibu, amelala kifudifudi.

"Marahaba. Inuka basi, umelalia mche."

Tuliposafisha filamu, ya mkuu ilikuwa na mawingu mengi, buti moja, na sikio la mgeni aliyepita mbele yake. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema lenzi imeharibiwa na hewa ya bahari. Kisarawe iko vilimani, bahari iko mbali.

Yangu akaitupia jicho moja tu. Halafu akasema, "Si mbaya. Lakini huyu mama na jembe lake anatia aibu. Mkate atoke."

"Nikimkata, mzee, ardhi nayo inaondoka, pamoja na miguu ya askari."

"Kata!"

Ikakatwa. Ofisi zote zikatundika askari asiye na miguu, anayening'inia hewani, na chini yake jina la mkuu kama mpiga picha. Nilimsikia mwalimu mmoja akiuliza mbele yake, "Huyu anapanda au anashuka?" Mkuu akamjibu kwamba sanaa haielezwi. Hazikupita siku nyingi, akapandishwa cheo na kuhamishwa.

Picha nzima nilimpelekea bibi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Hakumjali askari hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "mbona magugu ya upande huu yameonekana yote? Ungengoja kidogo tu, ningekuwa nimekwisha kuyang'oa."

Nikamwomba radhi. Katika kazi yote ile, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenikosoa akiwa ameitazama picha kwanza.