Ghuba Aliyoichagua Vesta

Meli ya kwanza ya msimu ilipofunga gati, Vesta alikuwa ameshaweka meza yake na kupanga picha za matembezi: nyangumi, dubu, barafu ya mlimani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watalii kuchagua, na aliiweza hasa. Mwenye magoti mabovu hakumruhusu kupanda mlima ng'o, hata alie machozi.

"Dubu tutawaona kweli?" aliuliza mama mmoja.

"Nimewaambia mnakuja. Kama watatoka, hiyo shauri yao."

Kisha akaja Bwana Dempster, mwalimu mstaafu mwenye koti la rangi ya chungwa, na kundi lake nyuma.

"Dada, picha za dubu ninazo hadi basi. Hamna kazi yoyote ya maana tuwafanyie?"

Vesta alimpenda papo hapo. Mwaka huo meli ilikuwa imeanzisha matembezi mapya: kusafisha fukwe, kuokota kamba, nyavu na matairi yaliyotupwa na bahari. Kilichobaki kilikuwa kuchagua ghuba, na hapo ndipo penye kazi, maana ulikuwa msimu wa mayai. Samaki wa heringi walikuwa wamekuja kutaga, na kila ukoo ulikuwa umezamisha matawi ya msonobari majini, umeyafunga kwa kamba na boya, ili samaki wayatagie. Mahali ulipoyatega husemi. Na mwenye adabu haulizi, hata kama aliyetega ni mama yako mzazi.

Na mwaka huo mama yake alikuwa na sababu ya kutega. Clifton, kaka yake Vesta, alikuwa amefariki, na arobaini yake ilikuwa ifanyike Jumamosi ya wiki ile. Kwa mila yao koo zote zimegawanyika pande mbili, na upande mmoja huuzikia mwingine; wao ni watu wa Kunguru. Watu wa Tai ndio waliomchimbia kaburi, na ndio wa kulishwa, tena walishwe alichokipenda marehemu. Clifton alipenda mayai ya heringi kuliko chakula chochote duniani. Kuwapa wachimba kaburi kuku wa dukani ingekuwa fedheha ya ukoo mzima, watoto na wajukuu wangesimangwa nayo.

Basi Vesta alifikiri vizuri. Akaziruka ghuba zote za kwao na za majirani, akamwambia kiongozi wa matembezi, mgeni aliyeajiriwa juzi tu: "Wapeleke Ghuba ya Sili. Pale hategi mtu, sili wamejaa majini, wanafukuza samaki wote."

Walirudi alasiri wakiimba. Bwana Dempster alikuwa amelowa hadi kiunoni, uso unamng'aa kwa furaha.

"Dada Vesta, njoo uone! Tumeisafisha mpaka imetakata! Watu wengine hawana haya jamani, wanatupa miti mizima baharini!"

Vesta alichungulia ndani ya mashua. Lo! Matawi ya msonobari yalikuwa yamelundikwa kati ya matairi na madumu ya mafuta, yamekanyagwakanyagwa, na kila tawi limejaa mayai, meupe, tabaka juu ya tabaka. Mengi yalikuwa yameshageuka uji wa mchanga na dizeli.

"Yalikuwa na uteute," kiongozi akaeleza. "Tukayakung'uta kwenye mawe."

"Mmeyakung'uta?"

"Mengi tu. Ndege wa baharini walifurahi kweli!"

Katikati ya lundo lile palikuwa na boya, dumu la sabuni lililofungwa kitambaa cha maua. Kitambaa kile kilikatwa kwenye aproni ya mama yake. Vesta alilichomoa.

"Mungu wangu. Haya ni mayai ya Clifton."

"Clifton ndiye nani?" Bwana Dempster akauliza. "Ndiye mwenye takataka?"

Nyuma ya mashua yao kilikuwa kinafunga gati kiboti cha mama yake Vesta, kikiwa na mabeseni matupu. Mama huyo mzee akapanda gatini, akalitazama lundo, akachuma yai moja, akalionja. Akatema.

"Samaki wameshaondoka," alisema. "Hawarudi tena mpaka mwakani. Nani aliwapeleka hawa kule?"

Bwana Dempster alimtazama Vesta, tabasamu likamwisha usoni.

"Ni mimi, mama. Nilijua pale hategi mtu! Kwa nini hukuniambia? Arobaini ya kaka yangu, mama! Hata mara hii moja?"

"Ghuba ilikuwa siri yake," mama alisema taratibu. "Alinichorea njia yake kwa kidole juu ya shuka, kule hospitalini. Nikamuuliza, na dada yako nimwambie? Akacheka, maskini, na pumzi hana. Akasema, 'Huyo usimwambie, mama. Huyo kazi yake ni kuwaonyesha watu njia.'"