Sindano Waliyoiogopa

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, ufagio na koti la kaki lililonizidi mabega. Nilikuwa na darasa la nne tu. Sista mkuu wa wodi, pale Sumbawanga, alinisimamisha mlangoni.

"Wewe ni mhudumu. Mgonjwa akiomba maji, mpe. Akiomba dawa, mwite muuguzi. Akikuuliza kama atapona, pangusa meza."

Nilipangusa meza nyingi. Kazi niliijua kwa mikono: kumwogesha mtu kitandani bila kumwaga maji, na kumgeuza aliyelala muda mrefu, asubuhi ubavu huu, baadaye ule, asitoke vidonda vya mgongo.

Wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nilihamishwa kwenda kituo cha afya upande wa Mwazye. Mkuu wetu alikuwa Mganga Msaidizi, yaani si daktari kamili, lakini huko hakuna aliyekuwa juu yake. Tulimwita Ndugu Mganga, maana mabwana walikuwa wamepigwa marufuku. Pethidini, sindano ya maumivu makali, aliifungia kwenye kabati la funguo mbili. Aliitoa mgonjwa akiwa anakata roho. Mimi nikisikia kabati linafunguliwa, nilikuwa navuta pazia na kwenda kuleta shuka la maiti, nisije nikaambiwa nimezubaa.

Kosa hilo ni letu, na langu limo. Wanakijiji wana macho. Waliona sindano, pazia, shuka, kisha jeneza. Wakaamua kwamba sindano ndiyo inayoua.

Akaletwa Mama Leokadia, ana kansa ya kizazi. Hospitali ilikuwa imemrudisha na maneno mawili: hakuna dawa. Hakuweza kukaa wala kulala. Hata blanketi likimgusa, aliuma meno. Mumewe, Mzee Paskali, alisimama kando ya kitanda kama askari.

"Sindano yenu tunaijua," aliniambia. "Mjomba wangu mlimchoma asubuhi, mchana tukashika majembe ya kuchimba kaburi. Huyu hamumchomi."

Nilikwenda kwa mkuu wangu. "Shida ni sisi, Ndugu Mganga. Tunawachoma wameshakwisha. Mchome huyu sasa, angali anaongea."

"Mama Sesilia, umeacha ufagio unifundishe uganga?"

"Ufagio upo. Nimeshafagia."

Alikunja uso. "Dawa hii mtu huizoea. Akiizoea je?"

"Aizoee aende nayo wapi?"

Alirudisha funguo mfukoni. Halafu akasema mumewe amekataa, basi. Nikarudi wodini nikamwuliza mgonjwa mwenyewe, maana mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Nichomeni," alisema. "Kama inaua, na haya maumivu yanafanya nini?"

Mzee Paskali alinitazama kwa chuki, lakini mke alikuwa amesema mbele ya watu. Ndugu Mganga alikuja na funguo, akamchoma. Safari hii sikuvuta pazia. Shuka sikuligusa. Nilivuta kigoda nikakaa, wodi nzima ikituangalia. Angekufa siku ile, hata kama ni kwa saa yake tu, pale kijijini hakuna mtu ambaye angekubali tena sindano.

Alilala. Mzee Paskali aliweka kiganja karibu na pua yake, akakiondoa, akakirudisha. Jua lilipokuwa utosini Mama Leokadia alifumbua macho, akamwona kuku ambaye mumewe alikuwa amemfunga kwenye mguu wa kitanda.

"Paskali, kuku huyo ni wangu au wa wafiwa?"

Mzee aliinama akaanza kumfungua kuku kamba. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa.

"Basi achinjwe," alisema mke. "Na ugali uwe wa ulezi. Nimechoka na uji wenu."

Tangu hapo alichomwa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajapanda. Hakupona. Nisikudanganye, sindano ile haikuwa ya kuponya. Lakini aliwasema wakwe zake, akamgawia kila binti vitenge vyake kwa mkono wake mwenyewe, na alikufa wakati wa kuvuna maharage, kichwa kwenye mapaja ya mumewe, bila kuuma meno. Baada ya matanga Mzee Paskali alimleta dada yake aliyekuwa akiumwa. Alitugombeza tulipochelewa kufungua kabati.

Sasa nimestaafu, nakaa Katandala, Sumbawanga mjini, nina bustani na miguu inayouma kwa baridi. Naambiwa kazi ile ina jina, tiba shufaa: kumtunza asiyepona ili asiteseke. Jina zuri. Sisi tuliifanya bila jina, na tuliichelewesha kwa ujinga wetu, wenye koti jeupe na wenye koti la kaki.

Wauguzi vijana hunipitia wakitoka zamu. Wakishasema shikamoo, nawauliza: mgonjwa wenu asiyepona, leo amelala vizuri? Anayejibu hajui, namrudisha akamwulize kwanza. Chai itamsubiri.